Kadi ya kwanza Marekani bila rekodi ya mkopo: chukua ile ambayo hutakuwa na sababu ya kuifunga

Mkuu, nimekuelewa hivi: una miezi minne tangu ufike Marekani, una namba ya Social Security na kazi ya ghalani, umeomba kadi mbili za pointi za safari, zote zimekukataa, na sasa unauliza uombe ipi. Kwanza simama. Kila ombi kamili linabaki kwenye faili lako la rekodi ya mkopo kwa miaka 2, na faili lenye maombi matupu bila akaunti hata moja halimvutii mkopeshaji.

Barua za kukataliwa usizitupe. Sheria inailazimisha benki ikutajie sababu, pamoja na shirika ilikochukua taarifa zako kati ya Equifax, Experian na TransUnion. Hao ndio CRB wa huku, yaani watunza rekodi za mikopo. Una siku 60 za kuomba nakala ya faili hilo bure, na kila wiki unaweza kuyaona yote matatu bila malipo kwenye AnnualCreditReport.com. Soma sababu kwa makini. "Rekodi haitoshi" dawa yake ni kadi sahihi na muda. "Hatukuweza kuthibitisha utambulisho wako" ni shida nyingine kabisa, na sisi hutupata sana kwa sababu ya majina.

Mtu ana majina matatu. Kadi ya Social Security imeandika yote, leseni imeruka la katikati, na benki imelifanya la babu kuwa jina la ukoo. Mashirika yanaweza kufungua mafaili mawili ya mtu mmoja, yote membamba. Waliokuja kama wakimbizi wana lao: wengi waliandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, wanaishi nyumba moja na ndugu wenye majina yanayofanana, basi akaunti ya mmoja inaangukia faili la mwingine. Kabla ya ombi lolote, chagua mwandiko mmoja wa jina, ule ulio kwenye kadi ya Social Security, uutumie benki, kazini na kwenye mkataba wa nyumba, herufi kwa herufi.

Sasa kadi. Kwa hali yako pointi za safari ziache kwanza. Kadi ya kwanza ina kazi moja, kukuandikia rekodi, na umri wa akaunti unahesabiwa kwenye alama zako za mkopo (credit score), kwa hiyo unataka kadi utakayokaa nayo miaka. Hapo kadi yenye ada ya mwaka imeshatoka, maana siku moja utachoka kuilipia na utaifunga. Inabaki kadi ya dhamana, yaani unaweka pesa benki na wao wanakupa kikomo cha kukopa kinachoendana nayo. Uliza mambo mawili: je, inaripoti kwa mashirika yote matatu? Na je, kuna njia ya kupandishwa kuwa kadi ya kawaida na kurudishiwa dhamana bila kufungua akaunti mpya? Kama jibu la mojawapo ni hapana, achana nayo. Kadi za kujaza pesa kabla ya kutumia haziingii humu kabisa. Hata zikiwa na nembo ya Visa, hazijengi chochote.

Mbili zinazofaa kuanzia: Capital One Platinum Secured, dhamana ya dola 49, 99 au 200 kwa kikomo cha kuanzia dola 200, kutegemea walivyokupima. Na Discover it Secured, dhamana kuanzia dola 200, inayorudisha kiasi kidogo cha matumizi, na kuanzia mwezi wa saba wanakupitia wenyewe kuona kama dhamana irudi. Zote hazina ada ya mwaka. Ukitarajia kwenda nyumbani, chukua ya Capital One ikiwa wanaitoa kama Mastercard: haina ada ya fedha za kigeni, ilhali Discover mashine nyingi za kwetu haziipokei. Tumia kwanza ukurasa wao wa kuangalia kama unakubalika, kwa sababu huo hauhesabiwi kama ombi kwenye faili. Kipato wanachouliza ni cha mwaka mzima kabla ya kodi, si kile kinachoingia benki kila wiki mbili. Wengi hujipunja hapo.

Walio na ITIN, yaani namba ya kodi ya wasio na Social Security, Capital One na American Express huwapokea. Na Wakenya wana nafasi nyingine: American Express inaweza kuvuta rekodi yako ya mikopo ya Kenya kupitia Nova Credit, kampuni inayohamisha rekodi za mikopo kutoka nchi nyingine. Kama CRB ya nyumbani ni safi, jaribu hiyo kabla ya kufunga pesa kwenye dhamana.

Kadi ikifika, makosa huanza kwenye kikomo kidogo. Dola 200 ni manunuzi ya wiki. Ukitumia dola 140, tarehe ya kufunga hesabu ya mwezi ikafika, mashirika yanaambiwa umetumia asilimia 70, na alama zinashuka hata kama utalipa yote wiki ijayo. Lipa dola 120 siku tatu nne kabla ya tarehe hiyo, iripotiwe dola 20, yaani asilimia 10. Tarehe ya kufunga hesabu si tarehe ya mwisho ya kulipa; ya pili huja angalau siku 21 baadaye. Deni lote la taarifa ya mwezi (statement) likilipwa kufikia hapo, hakuna riba hata senti, jambo ambalo najua linawagusa wengi humu kwa sababu za dini. Ukilibakiza, riba ya kadi hizi inakaribia asilimia 30 kwa mwaka.

Weka malipo ya kujiendesha kwa deni lote la taarifa, si kiwango cha chini. Ila bili ya kwanza ilipe kwa mkono, kwani mpangilio huo mara nyingi huanza mzunguko unaofuata. Wala usidhani dhamana inalipa bili. Ukichelewa siku 30 unaripotiwa kama mtu yeyote, na doa hilo hukaa miaka 7, huku dhamana yako ikiwa imetulia benki.

Usitume pesa nyumbani kwa kadi hii. Programu ya kutuma itakubali vizuri tu, lakini benki ya kadi mara nyingi inahesabu kuwa umechukua pesa taslimu: ada ya, kwa mfano, dola 10 au asilimia 5, ipi kubwa, na riba inaanza siku hiyohiyo bila muda wa neema. M-Pesa ya mama ipitie akaunti ya benki.

Kama una ndugu mwenye kadi ya miaka mingi, isiyochelewa na yenye deni dogo, akuongeze kama mtumiaji wa ziada. Si lazima hata ushike kadi yenyewe. Ila madeni yake yataonekana kwako, hivyo mchague kwa tabia yake ya kulipa, undugu uje baadaye.

Alama za FICO, zile wakopeshaji wengi wanazotumia, hazitoki mpaka faili liwe na akaunti iliyofikisha miezi 6. Namba utakayoiona mapema kwenye programu ya Credit Karma ni VantageScore, aina nyingine ya alama, na mkopeshaji anaweza kuwa anatazama nyingine. Miezi 6 ikitimia bila kuchelewa, rudi kwenye kurasa za kuangalia kukubalika, na ombi la kadi ya kawaida lipeleke pale tu zinapokuambia ndiyo. Hiyo ya dhamana iache wazi, uwe unalipia nayo kitu kidogo kila mwezi, hata bili ya simu.