Roboti haifanyiwi mzunguko

Swali: Nafundisha vijana wa sekondari kutumia Webots, ile programu ya kuigiza roboti kwenye kompyuta, na ninawaandikia mwongozo mfupi wa Kiswahili kuhusu vidhibiti vya msingi. Wenzangu hatuelewani. Tuseme roboti anageuka, inageuka au linageuka? Nimeambatisha ukurasa wa kwanza. – Mwalimu, Dodoma

Jibu: Inageuka. Zikiwa nyingi, zinageuka.

Wanaotetea "anageuka" huwa na hoja moja, kwamba kitu hiki kinatembea, kinaona na kinakwepa ukuta. Sawa, lakini gari nalo linatembea, saa inatembea, na umbea unatembea kuliko vyote, na hakuna hata kimoja tulichokipa ngeli ya binadamu. Siku roboti itakapopewa jina na kusimuliwa hadithi kama sungura, mpe hiyo "a" yake. Ndani ya mwongozo wa darasani ibaki kifaa. Wa "linageuka" nao wanaipeleka kwenye majitu na madude, ilhali e-puck, roboti ambayo nadhani ndiyo unayoanza nayo, ina kipenyo cha sentimeta 7 na inakaa kiganjani. Neno lenyewe tumelipata kwa njia ndefu kutoka Kicheki, ambako "robota" ni kazi ya shokoa. Karel Čapek alilitia katika tamthilia yake ya mwaka 1920, na mwenyewe alisema aliyempa wazo la neno hilo ni kaka yake Josef. Basi, swali limekwisha.

Sasa tuje kwenye huo ukurasa ulioambatisha, maana umenikosesha raha tangu niufungue. Umeandika hivi: "Ili kuweza kufanya mzunguko wa kamera, fanya ubonyezaji wa kitufe cha kushoto cha kipanya na kufanya uburutaji. Ili kuweza kufanya mzunguko wa kisanduku, fanya ubonyezaji wa Shift pamoja na kitufe cha kulia na kufanya uburutaji."

Sentensi mbili, "kufanya" sita! Mwalimu wangu, vitenzi vimekukosea nini?

Najua hukuanza wewe. Kila nikiwasha redio nasikia kwamba waziri "amefanya uzinduzi", polisi "wamefanya ukamataji", timu ya ugenini "imefanya shambulizi" na kipa "akafanya uokoaji". Zamani waziri alizindua, polisi wakakamata, timu ikashambulia, kipa akaokoa, na taarifa ya habari ilikwisha mapema watu wakala. Siku hizi kitenzi kinavuliwa nguo zake, kinavishwa koti la nomino, kisha anaitwa "kufanya" amshike mkono amvushe barabara. Wanaoandika hivyo wanaamini imekuwa rasmi zaidi. Imekuwa ndefu zaidi, hilo nawakubalia.

Sisemi "kufanya" afukuzwe mjini. Tunafanya kazi, tunafanya biashara, watoto wanafanya mtihani, na mwenye haraka huambiwa afanye hima. Hata "kufanya upasuaji" nimeshauzoea, kwa sababu daktari akimwambia mgonjwa "kesho nakupasua" kitanda kitakutwa kitupu asubuhi. Hapo nomino inasitiri. Kwenye mwongozo wako haisitiri chochote, inaficha tu kile kijana anachohitaji kukijua.

Na kinachofichwa si kidogo. Angalia vizuri hiyo "kufanya mzunguko" uliyoiandika mara mbili. Katika Webots, kijana akibonyeza kitufe cha kushoto na kuburuta, hakuna kitu kinachohama. Roboti iko pale pale, kisanduku cha mbao kiko pale pale. Kilichohama ni jicho la mtazamaji. Kama alibonyezea juu ya kisanduku, mtazamo unakizunguka kisanduku hicho. Lakini akishikilia Shift, akabonyeza kitufe cha kulia na kuburuta, kisanduku chenyewe ndicho kinachogeuka pale kiliposimama. Kitendo cha kwanza ni kutazama, cha pili ni kubadilisha ulimwengu wa roboti, nawe vyote viwili umeviita "kufanya mzunguko". Kijana atajuaje?

Kiswahili kilishamaliza kazi hii kabla ya kompyuta kuzaliwa. Unazunguka nyumba, unazungusha gurudumu. Anayezunguka nyumba ni wewe, nyumba imetulia. Linapozungushwa gurudumu, wewe ndiye uliyetulia. Tofauti yote imebebwa na "sh", ileile iliyoko katika anguka na angusha, amka na amsha, shuka na shusha. Geuka na geuza, sogea na sogeza, hayo ni mambo yaleyale kwa sauti nyingine. Sasa ukisema "mzunguko", hiyo "sh" inakwenda wapi? Imepotea. Nomino haisemi nani kazunguka na nani kazungushwa. Umechukua chombo chenye makali pande zote mbili ukakitia alani, kisha unashangaa hakikati.

Ningekuwa wewe ningeandika: "Kuzunguka kisanduku: kibonyeze kwa kitufe cha kushoto, usiachie, buruta. Kukigeuza: shikilia Shift, kibonyeze kwa kitufe cha kulia, buruta." Kitufe cha kulia peke yake husogeza mtazamo pembeni, juu na chini, gurudumu la kipanya husogeza karibu au mbali, Shift na kitufe cha kushoto hukisogeza kisanduku juu ya sakafu. Imekwisha, na "kufanya" hakuitwa kazini. Hiyo "ili kuweza" nayo niliiacha mlangoni. Mtu akifuata maelekezo ataweza, asipofuata hataweza, hakuna haja ya kumtangazia uwezo kila mstari.

Ona tena raha ya vitenzi hivi inapofika zamu ya roboti yenyewe. E-puck ina magurudumu mawili, kila moja na mota yake. Yote mawili yakizunguka mbele kwa kasi moja, inakwenda moja kwa moja. Moja likipunguza kasi, inapinda kuelekea upande huo. Moja likizunguka mbele na jingine nyuma kwa kasi ileile, inageuka papo hapo bila kusogea hata kidogo. Magurudumu yanazunguka, roboti inapinda, roboti inageuka: vitenzi vitatu, mambo matatu. Konda wa daladala angeongeza "inakata kona" na asingekosea. Ninyi mngeandika "inafanya mzunguko" mara tatu, na kijana akabaki anakodolea skrini. Ila msije mkaandika "inapinduka". Ikipinduka, magurudumu yanatazama juu na somo limekwisha.

Hapa kuna jambo jingine la kwenye ukurasa wako, nitalipitia haraka. "Mzunguko wa kamera" una kasoro ya pili, kwani e-puck ina kamera yake halisi hapo mbele, ambayo vijana wataitumia baadaye. Kile wanachokizungusha kwa kipanya kiite "mtazamo". Na "vidhibiti vya msingi" kwenye kichwa cha habari navyo viondoe. Katika Webots kila roboti ina programu yake inayoiendesha, na hiyo ndiyo inayostahili jina la "kidhibiti". Ukiita vitufe "vidhibiti" leo, wiki ijayo utakapowafundisha kuandika kidhibiti watadhani unawarudisha kwenye kipanya. Andika "Jinsi ya kutumia kipanya na vitufe", kila mtu ataelewa.

Mwisho wa ukurasa umeandika, namnukuu mtu ninayemheshimu, "fanya pozi, fanya riseti, fanya mabadiliko, fanya kusevu". Mpangilio wenyewe ni sahihi, na ni muhimu kuliko vijana wanavyodhani. Uigizaji ukiwa unaendelea, e-puck imeshatembea na visanduku vimeshasukumwa. Ukihifadhi wakati huo unahifadhi na huo mvurugano, na kila ukihifadhi hivyo unaurundika juu ya ule wa jana. Kwa hiyo uigizaji husitishwa kwanza, ukarudishwa mwanzo, ndipo ukarekebishwa na kuhifadhiwa. Lakini "fanya pozi" kwa Kiswahili cha mtaani ni kukaa vizuri upigwe picha. Andika: sitisha, rudisha mwanzo, rekebisha, hifadhi.

Unauliza pia kwa wino mdogo pembeni kama vijana wakisema "mausi" uwakosoe. Wewe kwenye mwongozo andika "kipanya". Wao waache na mausi yao, ilimradi wanaiburuta. Atakayesimama mbele ya darasa akasema "nimefanya uburutaji wa mausi", huyo niletee mimi.