Una milioni na nusu unataka kupiga picha za ndege kwa fulu fremu? Mkuu, usilipe kwanza

Mkuu, usilipe. Kama umeshatuma advansi ya hiyo kamera, mpigie muuzaji sasa hivi mwambie umefiwa, mwambie nyumba imeingia maji, mwambie chochote. Salamu tutapeana baadaye.

Nimeusoma uzi wako mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilidhani mtu ananitania. Una milioni moja na nusu, ni kamera yako ya kwanza, unataka kupiga picha za ndege na wanyama wa Mikumi, na binamu yako anayepiga harusi amekutafutia Canon 6D iliyotumika, ya fulu fremu (yaani sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni kubwa), pamoja na lenzi ya 50mm isiyovuta vitu vya mbali, eti "fulu fremu ndiyo kamera ya watu wazima". Halafu umeuliza kuhusu tripodi, ile stendi ya miguu mitatu. Hiyo tutaifikia.

Kamera hiyo hiyo, lenzi hiyo hiyo, mimi nilinunua 2019 kwa milioni 1.6. Hata maneno ni yale yale. Nahisi hawa jamaa wa harusi wana shule yao mahali.

Aliyeniingiza mjini hakuwa dalali wa Kariakoo, dalali ningemshtukia. Alikuwa kaka wa mtaani kwetu, ninayemheshimu, na kazi yake kweli anaiweza. Nilimuuliza kamera ya kupigia wanyama, akanijibu kamera ya kupigia bibi harusi. Na kwa bibi harusi yuko sahihi kabisa: ukumbi una giza, sensa kubwa inakamata mwanga vizuri (sensa ya kamera, si ile ya watu na makazi), lenzi ya 50mm inafifisha viti vya plastiki vya nyuma, na mhusika kasimama mita mbili kutoka kwako, amelipa, anakutazama. Simba hajawahi kuambiwa "geuka kushoto kidogo dada" akageuka.

Nikamuuliza, mbona lenzi yenyewe haivuti? Akacheka. "Utavuta kwa miguu, mdogo wangu."

Kwa miguu! Mikumi! Ndani ya hifadhi hushuki kwenye gari ovyo, na gari lenyewe haliruhusiwi kuacha barabara. Simba akiwa amesimama mita 40 kutoka barabarani, basi ni mita 40 hadi atakapoamua yeye. Sasa piga hesabu ambayo mimi niliipiga nikiwa nimeshalia. Simba ana kimo cha mita moja hivi begani. Kwa 50mm kwenye 6D, akiwa mita 40, anachukua kama asilimia tano ya kimo cha picha. Picha ina pikseli (vinukta vinavyoijenga) 3,648 kwenda juu, simba wako anapata kama 190. Zinazobaki zote ni nyasi. Nina nyasi nyingi za Mikumi, zimetoka safi sana, kila jani unalihesabu.

Tulikuwa tumechangia gari watu sita. Mzee mmoja alikuwa na kile kikamera chenye lenzi isiyotoka, cha kuvuta, ambacho asubuhi yake nilikuwa nimekitazama kwa huruma. Jioni anatuonyesha sharubu za simba. Dada mmoja akaomba aone na zangu, akasogeza kioo karibu na macho, akauliza, "Hii nukta ni nini?" Nikamwambia ni jiwe. Heri jiwe kuliko aibu.

Ungedhani nilijifunza. Thubutu. Niliporudi nikakuta mtu mtandaoni anauza lenzi ya kuvuta, Canon EF-S 55-250mm, laki mbili na themanini, yuko Arusha. Nikamuuliza kama inaingia kwenye 6D. Akajibu, "Ni Canon kwa Canon bosi, wasiwasi wa nini." Nikatuma hela, lenzi ikaja na basi, nikaifungua hapo hapo stendi kama mtoto wa sikukuu. Haiingii. Nazungusha, haiingii. Konda akaja kunisaidia, naye akazungusha. Haiingii.

Haya ndiyo nilitaka mtu aniambie mapema: lenzi zilizoandikwa EF-S ni za kamera za Canon zenye sensa ndogo. Zina alama ya mraba mweupe pale zinapofungwa. Lenzi za EF, zinazoingia hadi kwenye fulu fremu, zina nukta nyekundu. Kamera yenye sensa ndogo ina alama zote mbili kwenye mdomo wake, kwa hiyo inapokea lenzi za aina zote mbili. 6D ina nukta nyekundu peke yake. Maana yake fulu fremu inakufungia mlango wa hizi lenzi za EF-S za kuvuta za bei nafuu, na zile za kwake za mbali ambazo ni nzuri kweli ni bei ya kununua bodaboda. Bosi wa Arusha nilipompigia, namba ikawa haipatikani. Haipatikani hadi leo.

Kwa hiyo lenzi kwanza, mkuu. Tafuta lenzi ya mbali, ilipe, ndipo uulize kilichobaki kinanunua bodi (kamera bila lenzi) gani. Mimi niliuza 6D kwa milioni moja na laki moja (usiniulize nilivyojisikia), nikachukua Canon 700D iliyotumika kwa laki tano na nusu. Ni kamera ya 2013, megapikseli 18, binamu yako ataicheka. Lenzi ninayo ile ile iliyokataa stendi. Sensa ndogo ya Canon inakata kingo za picha, kitu kinaonekana kikubwa mara 1.6, kwa hiyo 250mm inaona kama ambavyo 400mm ingeona kwenye fulu fremu. Simba yule yule wa mita 40 sasa anajaza kama asilimia arobaini ya kimo cha picha. Safari ya pili nilipata mdiria kwenye tawi, mdomo, jicho, na samaki mdomoni. Gharama yote laki nane na thelathini. Ukihesabu na ada ya ujinga, ongeza laki tano.

Ukipata ya 55-250 tafuta yenye maandishi STM, ni kali kuliko zilizotangulia. Iwe imetumika? Sawa, ila washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Ukiona kama utando wa buibui ndani, hiyo ni fangasi, rudisha mikono mfukoni. Lenzi za Dar na Tanga zinaugua sana kwa unyevu wa pwani. Kasi ya shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga) weka 1/1000 ya sekunde kwa ndege anayeruka, jizoeze na kunguru, hao Dar wanakufuata wenyewe hadi kwenye chapati yako.

Ulikuwa umeuliza nini tena? Tripodi. Ndani ya gari utaisimamisha wapi, kwenye mapaja ya abiria? Shona kimfuko, jaza maharage, weka dirishani, lenzi ilale juu yake. Usiku ukikwama unapika.

Binamu yako simlaumu, mwite siku ya harusi yako. Ila kabla hujampa jibu, mwambie akutumie picha ya mdomo wa hiyo kamera lenzi ikiwa imetolewa, uiweke hapa. Nataka nione alama ni ngapi.