Msimu wa Kulungu Bila Kulungu: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Ndugu Mhariri, assalaam aleikum. Mpwa wangu anaishi Wisconsin, nchini Marekani, na kila mwaka ifikapo mwishoni mwa Novemba hufuatana na wakwe zake kwenda kuwinda kulungu. Safari hii alinipigia simu akiwa na furaha kana kwamba ameoa upya, akaniambia kuwa huo ulikuwa msimu wake mzuri kuliko yote. Nilipomuuliza amepata wangapi, akajibu kuwa hakupata hata mmoja, na kwamba yule pekee aliyemwona vizuri alimwacha apite. Babu yake, yaani baba yangu mzazi, alikuwa msasi katika vichaka vya huku kwetu, na siku aliyorudi mikono mitupu hakuna aliyemsifu. Naomba mnieleze: ni kitu gani hasa kinachomfanya mwindaji aone kuwa msimu wake umefanikiwa, au kijana anajifariji tu?
Mjomba, Mkwaja, Pangani

JIBU: Wa aleikum salaam, mzee wetu. Huenda anajifariji kidogo, kwa kuwa hakuna mwindaji asiyependa kurudi na nyama. Hata hivyo furaha yake ina msingi, na msingi wa kwanza ni wa hesabu. Katika jimbo la Wisconsin watu zaidi ya laki tano hukata leseni ya kuwinda kulungu kwa bunduki kila mwaka, na msimu mkuu wa bunduki ni wa siku tisa tu, unaoanza Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Kutoa Shukrani. Wengi wao huzimaliza siku hizo bila kuua. Lau kipimo kingekuwa mnyama aliyeanguka, na si kingine, umati huo ungekuwa unalipia leseni na kuganda kwa baridi ili ushindwe, na ungeshaacha zamani.

Marehemu baba yako alikwenda porini huku chungu kikimngoja nyumbani. Kumpima kwa alichobeba begani ilikuwa haki. Mpwa wako ana bucha karibu na nyumbani kwake. Tena sheria za huko hazimruhusu kuuza nyama ya kulungu wa porini, kwa hiyo mawindo yake hayana bei sokoni: huliwa nyumbani, hugawiwa jamaa na majirani, au hutolewa kwa wenye shida.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Wisconsin kilichoko La Crosse, Robert Jackson na Robert Norton, waliwahoji wawindaji wengi na kuona kwamba maana ya mafanikio hubadilika kadiri mtu anavyokaa katika shughuli hii. Anayeanza hufurahia kufyatua tu. Baadaye hutaka kutimiza idadi aliyoruhusiwa, kisha humtafuta dume mwenye pembe kubwa, kisha njia yenyewe ya kuwinda humshughulisha kuliko mnyama, hata akaiweka bunduki chini na kushika upinde. Mwishowe humtosha kuwapo porini pamoja na watu wake. Si kila mtu hupita ngazi zote, wala si lazima azipande kwa utaratibu huo, na mimi nimeona watu wazima wenye mvi waliobaki kwenye ile ya pembe.

Kwa hiyo, mzee wangu, swali la kumuuliza mpwa wako si amepata wangapi, bali kwa nini alimwacha yule mmoja. Inawezekana alikuwa dume mchanga. Kulungu wa huko, tofauti na swala na pongo wetu ambao pembe zao ni za maisha, huangusha pembe kila mwaka baada ya majira ya kupandana na kuota nyingine, na pembe hizo huendelea kuwa kubwa mwaka hadi mwaka mpaka mnyama afikishe miaka mitano au zaidi. Anayemwacha wa mwaka mmoja na nusu anaweka akiba. Inawezekana pia mnyama alikuwa amemgeukia uso kwa uso, au matawi yalikuwa katikati, au nyuma yake kulikuwa na nyumba ya mtu. Ikiwa sababu ni mojawapo ya hizo tatu za mwisho, basi kijana amehitimu, kwa sababu kujizuia kufyatua huku moyo ukidunda ni kugumu kuliko kufyatua.

Hapo ndipo naona kiini cha jambo lote. Msimu unaoharibika kabisa ni ule ambao mnyama amejeruhiwa akapotea, na mwindaji mwenye haya huukumbuka kwa miaka. Risasi nzuri hupita nyuma tu ya bega la mbele, ikapenya mapafu, na mnyama huanguka baada ya mwendo mfupi. Hata hivyo mwindaji mzoefu hakurupuki kutoka kwenye dungu lake. Hukaa nusu saa hivi, kisha huenda mahali mnyama aliposimama, akainama na kuitazama damu kwenye majani makavu. Ikiwa ni nyekundu ya kung'aa, yenye mapovu madogo, ni ya mapafu, na mnyama yuko karibu. Ikiwa ni nyeusi na imechanganyika na masalio ya majani yaliyotafunwa, risasi imepita tumboni. Huyo huachwa kwa saa nyingi alale, kwa kuwa akifuatwa mapema huinuka na kukimbilia mbali asikopatikana. Mtu aliyeifuata damu ya namna hiyo tone kwa tone, kwa kurunzi, mpaka akampata mnyama wake, hana haja ya kuulizwa kama msimu ulifanikiwa. Na kwa kuwa mpwa wako ni Mwislamu, ana sharti jingine: kutaja jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua, na akimkuta mnyama angali hai, amchinje.

Mengine yanayoujaza msimu hutokea kabla ya risasi. Kuna kutembea msituni wiki kadhaa mapema kutafuta njia za wanyama na miti michanga iliyochubuliwa magome na madume wanaosugua pembe, na kuchagua mahali pa kukaa ambapo upepo hautapeleka harufu ya mtu kule mnyama atakakotokea. Kuna pia kukaa usiku kambini na baba mkwe na mashemeji, jambo ambalo kwa kijana aliyeoa ugenini lina uzito wake. Nadhani nusu ya furaha uliyoisikia kwenye simu ilitoka hapo. Sitaficha kwamba siwapendi wanaopima pembe kwa futi kamba na kurushiana picha mpaka wenzao waliopata jike wakaona aibu, ilhali nyama ya jike ni tamu na katika maeneo mengi kupunguza majike ndiko kunakozuia kulungu wasizidi malisho.

Neno moja kwa vijana wa Mkwaja watakaosoma haya: Saadani imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na humo hapawindwi kabisa, nje yake hakuna kuwinda bila kibali.

SWALI: Binti yangu anasoma huko huko Marekani, na familia ya rafiki yake imemwalika kambini wakati wa msimu wa kulungu. Yeye hana leseni wala nia ya kushika bunduki. Je, ataambulia nini?
Mama, Magomeni, Bagamoyo

JIBU: Ataambulia mengi, mama, mradi asiende kama mtalii. Asaidie jikoni, kwa kuwa watu hutoka kabla ya alfajiri na kurudi na njaa, na aombe kukaa asubuhi moja na mwindaji mmoja mtulivu, bila simu na bila kunong'ona. Wawindaji wa bunduki katika jimbo la Wisconsin hulazimishwa na sheria kuvaa rangi kali ya chungwa au ya waridi ili wasidhaniwe wanyama. Yeye avae hivyo hivyo hata kama anatoka tu kwenda chooni. Soksi nene za sufu apakie jozi kadhaa, kwani baridi ya miguuni huwarudisha wengi kambini kabla ya saa tatu asubuhi.