MASWALI YA WASOMAJI: Muhogo wangu umechoka kuzaa?

SWALI: Habari za kazi mwanangu. Mimi ni mkulima wa huku Kitangari, Newala. Fimbo za muhogo nilipewa na mama mkwe wangu nilipoolewa, tangu hapo nakata napanda, nakata napanda mpaka sasa wajukuu wanakula. Ila siku hizi majani yanapendeza lakini nikichimba nakuta ndani umeoza. Mjukuu wangu anasema wamefundishwa shule kwamba muhogo unazaa bila dume na jike. Sasa ndo umechoka kuzaa?

JIBU: Shikamoo bibi. Mjukuu yuko sahihi, ila muhogo wako haujachoka. Hebu shika fimbo moja uiangalie vizuri, utaona vijicho vimezunguka shina, kila jicho ni chipukizi lililolala, ukishalifukia na mvua ikanyesha linaamka linapandisha shina, na kipande chenyewe kinatoa mizizi chini, hapo hakuna ua wala mbegu iliyohusika. Yaani ule muhogo wa mama mkwe wako ndo huohuo ulionao leo, mwili mmoja unaendelezwa, vinasaba vilevile, ndo maana kama ulikuwa mtamu bado mtamu na kama ni ule mchungu wa makopa bado mchungu.

Muhogo unatoa maua na mbegu pia, lakini watoto wa mbegu kila mmoja anakuja na tabia yake, watafiti ndo wanaozitafuta ili wapate aina mpya. Korosho nayo hivyohivyo, unaokota mbegu kwenye mti unaozaa sana unapanda, halafu mkorosho unakua na kukuangusha maana mbelewele imetoka mti mwingine. Kwa hiyo miche ya kubebesha msiipuuze jamani, pale kikonyo cha mti mzuri kinaunganishwa kwenye mche na unachovuna ni mti uleule mzuri.

Sasa bibi, kinachoendelezwa sio uzuri peke yake. Hayo unayosema yanafanana sana na ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ni virusi, na watafiti wa Amani kule Tanga waliuandika tangu miaka ya 1930. Inzi weupe wanausambaza lakini sisi wenyewe tunausambaza zaidi kwa fimbo tunazopeana, tena kwa nia njema kabisa. Na kwa vile shamba zima ni mwili mmoja, ugonjwa ukiuweza mmoja umeiweza yote. Dawa ya kupulizia ukaponya hakuna.

Naomba ufanye hivi: kabla hujakata fimbo ng'oa shina lenyewe kwanza, katakata mihogo yake vipande vipande, ukiona madoa ya kahawia makavu hata kidogo fimbo hizo usipande na usimpe jirani. Usidanganyike na majani. Halafu muone bwana shamba au watu wa TARI Naliendele, kile kituo cha utafiti wa kilimo huko Mtwara, uulize fimbo safi za aina zinazovumilia, Kiroba ni mojawapo. Najua inauma kuachana na muhogo wa mama mkwe, lakini ukipata hata mashina machache yaliyo safi kabisa unaweza kuanza nayo upya, uyapande mbali na lile shamba.

SWALI: Sisi akina mama wa mwani Songosongo tunafunga vipande kwenye kamba vinakua. Na huu ni mwili mmoja?

JIBU: Ndio dada. Mwani huu wa biashara ulianza kulimwa Zanzibar mwaka 1989 kwa vipando vilivyotoka Ufilipino, tangu hapo ni kukata na kufunga tu. Ndo maana maji yakipata joto sana aina ya mwani iitwayo kotonii inakufa kamba kwa kamba, ile nyingine ya spinosamu ndo inajitahidi. Kila mkivuna, vipando vya kurudishia chagueni kwenye matawi yaliyobaki na afya wakati mengine yanaumwa, msichukue yoyote yaliyo karibu na mkono.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, Lindi mjini. Je na wanyama wanaweza kuzaa bila dume?

JIBU: Wapo mdogo wangu, tena wengine uko nao jirani. Angalia chini ya majani ya kunde utaona vidukari vimejazana, humo majike wanazaa majike wenzao bila dume, na wanazaa vitoto vizima sio mayai, ndo maana wiki moja tu mche umefunikwa. Baharini kuna aina za kiti cha pweza ambazo mkono ukikatika unaota mwili mzima mpya. Hata wanyama wakubwa inatokea mara mojamoja, mwaka 2006 kwenye bustani ya wanyama ya Chester, Uingereza, joka jike la Komodo ambalo halijawahi kukutana na dume lilitaga mayai yakaanguliwa Januari 2007, na vitoto vyote vilikuwa madume. Ila binadamu na wanyama wengine wanaonyonyesha hawawezi, kwetu kuna vinasaba vinavyofanya kazi pale tu vikitoka kwa baba, bila hivyo mimba haikui.