Figo zimepimwa, au zimekadiriwa?

Msomaji wa Uyole, Mbeya, anauliza: “Bibi yetu amelazwa, anachomwa sindano za jentamaisini, dawa ya kuua bakteria. Muuguzi katuambia figo zimepimwa na zinafanya kazi asilimia 34. Nyumbani tunabishana: ni figo zake au mafigo yake?”

Semeni mnavyopenda. Neno ni la Kibantu, na wingi wote huo husikika kwa wasemaji wazuri. Ila mmegombania kiambishi, kosa lenyewe mkaliacha lipite mlangoni kwa sababu limevaa sare: “zimepimwa”.

Hazikupimwa. Kilichopimwa ni kreatinini katika damu, taka itokayo kwenye misuli na kuondolewa na figo. Yanayofuata ni hesabu ya watafiti Cockcroft na Gault, ya mwaka 1976: toa umri kwenye 140, zidisha kwa kilo za mgonjwa, zidisha kwa 1.04 (mwanamume 1.23), gawanya kwa kreatinini. Tuseme Bibi ana miaka 70, kilo 50, kreatinini mikromoli 106 kwa lita. Jibu: 34. Mchukueni sasa kuli wa viazi wa hapo hapo Uyole, miaka 25, kilo 70, kreatinini 106 ile ile. Anapata 93! Kuli ana misuli ya kuzalisha taka hiyo. Bibi misuli imekwisha, na bado taka imemjaa damuni vilevile. Halafu hizo kilo 50 nani kazipima? Mara nyingi kaulizwa mjukuu, naye akakisia. Kisio limezaa kadirio, kadirio tunaliita kipimo.

Kukadiria tunalo, tulilitoa Kiarabuni zamani, na hapa lina kazi. Jentamaisini hutoka karibu yote kwa njia ya figo. Ikijaa mwilini huumiza figo zenyewe na masikio. Kwa 34, daktari anaweza kusogeza sindano ifuatayo hadi saa 48 badala ya 24. Lakini figo zikizima ghafla usiku, asubuhi kreatinini bado haijapata muda wa kupanda, na hesabu inatoa namba nzuri ya uongo. Aliyeambiwa “zimepimwa” anatulia. Aliyeambiwa “zimekadiriwa” anauliza mkojo umetoka kiasi gani. Wakitoa damu kabla ya sindano ifuatayo waangalie dawa iliyobaki, hapo semeni imepimwa, sina neno.

Wodini najua nimeshindwa. Zamu ni ndefu na “kupima” ni fupi. Kwenye faili basi, andikeni “kadirio”. Asilimia ndiyo siisamehe popote: 34 hiyo ni mililita za maji ya damu zinazosafishwa kila dakika.