Ukitoka Jukwaani Kwenda Redioni, Vichekesho Vitakuishia Kabla ya Saa 2 Asubuhi

Vijana watatu wamenifuata mwezi huu, mmoja hadi kwenye foleni ya feri Likoni hapa Mombasa, na swali lao ni lile lile: "Bro, mimi nachekesha watu, redioni naingiaje?" Wanadhani kazi ni moja. Hata mimi nilidhani hivyo nilipotoka jukwaani kwenda redioni.

Siwalaumu, maana mifano wanayo. Walter Mong'are alitoka kundi la vichekesho la Redykyulass, wale waliokuwa wakimuiga Rais Moi hadharani, akaja kuwa Nyambane wa asubuhi pale stesheni ya Kiss 100. Daniel Ndambuki tunayemwita Churchill ndiye huyo huyo Mwalimu King'ang'i aliyevuma kwenye redio ya Classic 105 pamoja na mtangazaji Maina Kageni. Ukiwasikiliza ukiwa kwenye matatu ya Kisauni waona ni porojo tu, watu wamekaa wanapiga domo.

Sasa nikupe hesabu. Jukwaani, dakika 10 nzuri zilinichukua karibu mwaka. Nilizijaribu harusini na kwenye hoteli za Bamburi, natoa neno hapa, naongeza kimya pale. Zikishakaa, nazila miezi. Watu wa Nyali wakizichoka nazipeleka Malindi. Kipindi changu cha asubuhi kilianza saa 12 hadi saa 4, siku tano. Hizo ni saa 20 kwa wiki, na anayekusikiliza leo ndiye aliyekusikiliza jana. Siku ya kwanza nilimaliza vichekesho vyangu vyote vya maana kabla ya taarifa ya habari ya saa 2. Nikamtazama fundi mitambo nyuma ya kioo: anachovya hamri kwenye mbaazi, macho kwenye taa zake za sauti, hata jino halionekani. Ndani ya hedifoni nilisikia pumzi zangu mwenyewe.

Jukwaani kicheko ndicho usukani. Watu wakicheka unaongeza mwendo, wakinuna unakata kona. Redioni usukani huo haupo. Nikaanza kujichekea mwenyewe ili kuziba pengo, kosa ambalo bado nalisikia kwa watangazaji wengi wapya. Usijichekee. Msikilizaji anaosha vyombo, anasikia mtu anacheka peke yake, anahama stesheni.

Kilichoniokoa ni aibu. Wiki ya pili alipiga simu mama mmoja wa Mtongwe, anasimulia jinsi alivyokwama na kuku wake sita waliofungwa miguu, anawapeleka sokoni Kongowea. Alipofika pale kamba ilipofunguka, nikaingilia na mzaha wangu kuhusu kuku kulipa nauli. Akasema, "Ngoja basi mwanangu, sijamaliza." Mimi nikaendelea. Akakata. Prodyusa wangu, mzee wa Mji wa Kale asiyepandisha sauti, alisubiri wimbo uanze ndipo akaniambia: "Yule bibi alikuwa yuaja kwenye utamu, wewe ushamkata. Sasa tueleze wewe, wale kuku walikwenda wapi?"

Sikuwa na jibu, na mji mzima nao haukuwa nalo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwako haumo kwenye vichekesho hata kidogo: jifunze kuuliza "Enhe?" na unyamaze. Mombasa hii imejaa watu wanaojua kusimulia kukushinda wewe. Kaa barazani, nunua kahawa chungu, hesabu mara ngapi unamkatiza mtu. Mimi nilikuwa nakatiza kila sentensi ya pili. Mchekeshaji amezoea maiki kuwa yake. Mtangazaji kazi yake ni kuipitisha.

Halafu kuna sheria. Utani wa saa 5 usiku klabuni hauingii redioni asubuhi. Kanuni za vipindi hapa Kenya zinataka kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku hewani pawe pa kusikilizwa na watoto pia. Na ule utani wa makabila uliokupa makofi, kumbuka tuna Sheria ya Utangamano ya mwaka 2008, ile inayokataza matamshi ya chuki ya kikabila, na mwenye leseni ni mwajiri wako. Ukiteleza, barua inakwenda kwake, kisha yako inafuata.

Televisheni sitakuchosha nayo. Punguza mikono, punguza sauti, na zoea mtu kukuhesabia sekunde sikioni huku wewe unamuuliza mgeni habari za mkewe. Ukiweza hilo umefaulu.

Pesa? Jukwaani unalipwa usiku ule ule, au unazungushwa. Redioni ni mwisho wa mwezi, na mara nyingi ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Ila Ramadhani ikifika ndipo utaona tofauti: shoo za pwani zinakauka mwezi mzima, lakini redio inasikilizwa daku na tena kabla ya magharibi, jikoni kwenye sambusa. Jukwaa usiliache kabisa. Soma mkataba uone kama unakuruhusu kuchekesha nje. Wangu wa kwanza haukuruhusu, na niligundua nikiwa tayari nimepokea arbuni ya harusi.

Yule mama wa Mtongwe alipiga tena, baada ya miezi minne hivi. Nilimjua kwa sauti. Nikasogeza maiki pembeni kidogo, nikashika glasi ya maji kwa mikono miwili nisije nikasema kitu, nikamuuliza, "Enhe mama, na wale kuku?"

Alizungumza dakika saba. Wawili walipatikana ndani ya tuktuk.