Je, naweza kuzikwa pamoja na paka wangu?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Virginia, Marekani. Karibu nasi kuna makaburi wanayoyaita ya kijani: hapana zege, wala maiti hatiwi dawa ya kuzuia kuoza, na sanda peke yake inatosha. Upande mmoja wa makaburi hayo watu huzikwa pamoja na wanyama wao. Nina paka ambaye ndiye mwenzangu nyumbani tangu nilipofiwa na mume wangu. Yafaa ninunue nafasi hapo na niusie tulazwe pamoja?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mungu amrehemu mumeo.

Hayo makaburi ya kijani kwa namna yake hayana ubaya, bali yako karibu na sunna kuliko makaburi mengi ya Marekani yanayodai maiti atiwe ndani ya boksi la zege. Sisi watu wa pwani tumezika hivyo miaka yote: sanda, mwanandani (shimo la ubavuni mwa kaburi), kiunza (ubao wa kumfunikia maiti), kisha udongo. Sahaba Saad bin Abi Waqqas aliusia achimbiwe mwanandani kama alivyochimbiwa Mtume (s.a.w.), na katika madhehebu ya Shafi sanduku ni makuruhu (halipendezi) isipokuwa penye haja, kama ardhi ikiwa tepetepe.

Kulazwa kaburi moja na paka haijuzu, na wasia wa namna hiyo hautekelezwi. Hata wanadamu wawili hawatiwi kaburi moja ila kwa dharura, kama siku ya vita vya Uhud mashahidi walipokuwa wengi na Mtume akawa anauliza nani kati yao amehifadhi Qur'ani zaidi, amtangulize. Sembuse mnyama! Paka akiwa hai ni twahara, si najisi, hadithi ya sahaba Abu Qatada iko wazi, lakini akifa ni mzoga, na mzoga ni najisi. Tena sheria ya huko kwenu imekutangulia. Tangu 2014 Virginia imeruhusu makaburi kutenga sehemu ya watu na wanyama wao, kwa sharti sehemu hiyo iwekewe alama, na mnyama asitiwe kaburi moja na mtu. New York, kwa sheria ya 2016, wameruhusu majivu ya mnyama yazikwe na mwenyewe, na makaburi ya jumuiya za dini hayamo katika ruhusa hiyo.

Basi inabaki kuzikwa jirani, wewe kaburi lako na yeye lake. Hapa wengi hukimbilia kumlaumu paka, na mimi sioni kuwa yeye ndiye tatizo. Tatizo ni kwamba sehemu ile si makaburi ya Waislamu. Imam Nawawi amenukuu kuwa wanachuoni wa madhehebu yetu wameafikiana kuwa Mwislamu hazikwi katika makaburi ya wasiokuwa Waislamu. Ikiwa msikiti wenu una makaburi yake, au umenunua fungu mahali, zikwa huko. Ikiwa hakuna kabisa mnapoweza kufika, dharura ina hukumu yake: zungumzeni na wenye hayo makaburi ya kijani wawatengee Waislamu fungu mbali na ile sehemu ya wanyama. Kabla hamjalipa, waulizeni kama watakubali kuchimba kwa kuelekea kibla, ambacho kwenu ni kaskazini mashariki, maana mara nyingi safu za makaburi hufuata njia na mteremko.

Paka akitangulia, mzike uani kwako, kama kanuni za mtaa zinaruhusu, kwa kina ambacho mbwa hawatafukua. Si wajibu lakini ni vizuri, na hakuna sanda wala sala. Kumlilia pia si aibu, wala usikubali mtu akwambie ni upungufu wa imani.

La haraka kwako ni jingine. Mumeo hayupo, na jamaa zako huenda wako mbali. Sheria ya Virginia inakuruhusu kumteua kwa maandishi mtu atakayesimamia mazishi yako. Uyatie saini mbele ya mthibitishaji wa hati (notary public), na huyo mtu naye aukubali uteuzi. Mteue Mwislamu unayemwamini, andika kuwa uoshwe, ukafiniwe, usaliwe na usichomwe moto, kisha mpe nakala imamu wenu.

Wallahu aalam.